Gita Lililotoka Bila Sanduku

Kipkelion
12 Mei 2024

Mzee Eliakim Kiplangat,

Chamgei, kwa salamu ya kwenu.

Hunijui, au unanijua kama mtoto. Mimi ni Nyathira, kitinda mimba wa Wambugu, yule aliyekuwa karani wa mizani ya majani katika kiwanda cha chai ulikokuwa fundi wa stima, na ambaye alipiga gita la besi katika bendi yenu ya Ukungu. Sally, rafiki yangu wa sekondari ambaye sasa ni nesi hapo Kapkatet, ameniambia kwamba mashine za kiwanda zilichukua masikio yako na simu haikufai tena, lakini barua unasoma bila miwani. Ndiyo maana ninaandika. Atakupa mkononi.

Baba alipata kiharusi mwezi wa pili. Mkono wa kushoto umelala. Maneno yanatoka, lakini machache, moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kila alasiri alikuwa akisikiliza kaseti moja tu. Nyuma yake imeandikwa kwa penseli: Ukungu, ukumbi wa kiwanda, Agosti 1979. Mitambo: E. Kiplangat. Ni wimbo mmoja wa dakika kumi na tisa. Mwezi wa nne redio iliutafuna mkanda. Nilikuwa nimeshaunakili kwenye kompyuta, lakini nikimchezea nakala hiyo anageuza uso ukutani. Alisema, "Hiyo ni picha ya maiti."

Kwa hivyo nimeamua kuupiga mwenyewe. Ninafundisha fizikia katika shule ya kutwa na nina mazoea ya kukaa na jambo moja mpaka litoke. Nilinunua gita la besi lililotumika na nimejifunza sehemu yake yote. Nilidhani kazi ngumu ingekuwa vidole. Vidole vilitii. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Noti ni hizo. Sauti si hiyo."

Nimeichunguza sauti yenu kama mwanafunzi anayechungulia kwenye darubini. Chini ni nene na tulivu, kama udongo uliolowa. Juu ina meno. Ni gita moja, lakini nasikia vitu viwili vinatembea pamoja bila kugusana. Baba aliwahi kunieleza kwamba mlikuwa mkiifukuza besi ya sahani ya santuri aliyoiacha meneja Mwingereza, ya wale watu wa nyimbo ndefu zinazobadilisha mwendo kila dakika mbili, na kwamba iliwachukua miezi minane kuipata. Mliipataje?

Daktari ametuambia kiharusi cha pili kinaweza kuja wakati wowote. Nataka Baba aisikie sauti hiyo mara moja tena ikitoka kwenye nyuzi, katika chumba alichomo, na aseme ndiyo. Sina lengo lingine.

Gita lake mwenyewe liliungua Januari 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, pamoja na nyumba yetu ya shambani, na pamoja na Cucu, mama yake Baba. Lilibaki sanduku lake tu, ambamo Mama huweka hati ya shamba na vyeti vyetu. Sijawahi kuelewa jinsi sanduku lilivyopona na gita likaungua. Katika nyumba hii hayo hayaulizwi.

Wako kwa heshima,
Nyathira Wambugu


Kapkatet
21 Mei 2024

Binti ya Wambugu,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara tatu. Pole kwa baba yako. Pole pia kwa mama yako, maana kumuuguza mtu mwenye kiburi ni kazi mbili.

Ninajibu ulichouliza.

Hukukosea kusikia vitu viwili. Gita kama lile lina pikapu mbili, zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, na kwa kawaida zote zinatoka kwa waya mmoja. La baba yako nililipasua nikatoa nyaya mbili. Pikapu ya mbele, karibu na shingo, ilienda kwa amplifaya kubwa, safi, bila kuongezewa kitu. Huo ndio udongo wako. Pikapu ya nyuma ilienda kwa amplifaya ndogo ya valvu, zile taa za kioo za zamani, niliyoitoa kwenye gari bovu la sinema. Hiyo niliiondolea uzito wote wa chini, halafu nikaifungua mpaka ikalia. Hayo ndiyo meno. Ukisimama mbali vinakuwa kitu kimoja.

Nyuzi ziwe za chuma, zilizosokotwa, zile zinazokwaruza kidole, si zile laini. Sisi mpya hatukuzipata. Tulizichemsha katika maji dakika kumi, mafuta ya vidole yakatoka, zikalia kama mpya kwa siku mbili. Baba yako hakupiga kwa vidole. Alichapa kwa kipande cha plastiki tulichokata kwenye mfuniko wa kopo, na mkono wa kulia ulikaa nyuma kabisa, karibu na pale nyuzi zinapofungwa. Piga kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Yeye alipiga kama mtu anayefungua mlango uliokwama.

Mambo ya miaka ya baadaye sikuwa karibu.

Msalimie. Au usimsalimie, ukiona itamchosha.

E. Kiplangat
Fundi wa stima, mstaafu


Kipkelion
16 Juni 2024

Mzee Kiplangat,

Asante. Nimefanya yote kama ulivyoandika, kwa utaratibu ulioandika.

Nyuzi nilizichemsha katika sufuria ya ugali. Mama aliingia jikoni akatazama, akasema, "Nyathira, hiyo supu ni ya nani?" Tangu siku hiyo sufuria ile ni yangu, yeye amenunua nyingine. Katika stoo ya kanisa letu nilipata amplifaya ya valvu ya zamani, ambayo mzee wa kanisa aliniachia kwa sharti kwamba nisiipigie muziki wa dunia. Nilinyamaza, na sijui kama kunyamaza ni uongo. Gita nililipasua nikatoa nyaya mbili. Nililehemu vibaya mara mbili, ya tatu ikakaa.

Ninafanya mazoezi jioni, baada ya Njenga kufunga posho mill yake. Nyumba yetu na kinu chake tuko kwenye laini moja ya stima, na kikiwaka taa zetu zinafifia. Nilitaka stima iliyo safi.

Jumapili iliyopita nilimpigia Baba. Alifumba macho. Dakika ya tatu akainua kidole kimoja, na nikajua nimefika. Dakika ya nne kidole kikashuka. Akasema, "Haijachoka."

Mama akamwambia, "Wewe ndiye umechoka, baba Nyathira. Lala."

Lakini alikuwa na maana yake. Nilirudi kwenye nakala ya kaseti. Ni kweli, ukifika dakika ya nne na sekunde kumi besi inabadilika. Kingo zake zinalegea. Noti inachelewa kidogo kuinuka, kisha inavimba. Inakuwa na huzuni ambayo haikuwa nayo mwanzoni, ingawa Baba anapiga noti zilezile. Nimezungusha kila kitufe nilicho nacho kwa siku tano. Najua kuna kitu ulichofanya dakika hiyo. Tafadhali niambie.

Kuna jambo lingine, halihusiani. Nimekukumbuka. Nilikuwa na miaka minane. Ulikuja kwetu shambani na mvua, ukanipa mfuko mzima wa peremende. Si moja, mfuko mzima. Niliuficha ili dada zangu wasiuone. Ulipoondoka Baba alisimama mlangoni akiangalia njia kwa muda mrefu. Sina kumbukumbu nyingi njema za nyumba ile. Hiyo ni mojawapo, na nimeona nikuambie.

Nyathira


Kapkatet
30 Juni 2024

Binti ya Wambugu,

Baba yako ana masikio bado. Mimi nilimpa kuchoka huko, na nilidhani amesahau.

Ukumbi wa kiwanda ulikuwa kwenye laini moja na mashine za kusaga majani. Zamu ya jioni ilianza saa kumi na mbili. Mashine zile zikianza kuzunguka zinakunywa stima kama ng'ombe waliotoka mbali, na ukumbini volti mia mbili na arobaini zinashuka mpaka mia moja na tisini. Amplifaya ya valvu ikinyimwa stima haizimi. Inaendelea kufanya kazi ileile kwa nguvu pungufu, na sauti inalegea na kuvimba. Redio kaseti yetu ilikuwa ya betri, kwa hivyo yenyewe haikuyumba, ikanasa tu.

Kazi yangu ilikuwa kuwahamishia kwenye laini nyingine ili isitokee. Nyang'au, mpiga ngoma wetu, alikuwa akinipigia kelele, "Fundi, tunakufa huku!" Lakini mara ya kwanza ilipotokea niliona uso wa baba yako. Tangu hapo nikawa ninapanga. Siku ya kurekodi nilihesabu ili wimbo uwe umefika dakika ya nne saa kumi na mbili kamili. Ile sahani ya Mwingereza haikuwa na kitu hicho. Tulianza kwa kuiga, hiyo ikawa yetu.

Kwa hivyo usimsubiri Njenga afunge. Piga akiwa anasaga.

Utakaribia sana. Hutafika kabisa. Pikapu ya nyuma ya gita la baba yako niliizungusha waya mwenyewe, kwa mkono, mizunguko elfu nane na kitu, nikipoteza hesabu mara mbili. Hakuna nyingine kama hiyo, na gita la dukani halitatoa meno yale.

Barua hii niliifunga, nikaifungua tena ili niongeze hili. Barua yako ya mwisho niliisoma jikoni na nikashindwa kula. Gita halikuungua. Niko nalo hapa.

E. Kiplangat


Kipkelion
3 Julai 2024

Mzee Kiplangat,

Ulilichukua siku gani?

Nyathira


Kapkatet
21 Julai 2024

Nyathira,

Karatasi nimeharibu nyingi. Hii nitaituma hata ikitoka vibaya.

Nililichukua Jumatano. Nyumba yenu ilichomwa Ijumaa, alfajiri. Siku ile ya mvua unayoikumbuka, ya peremende, ndiyo hiyo.

Wakati huo nilikuwa ninaishi ng'ambo ya mto kutoka kwenu. Kapkatet nilihamia baadaye, na sasa utajua kwa nini. Jumatatu ya wiki ile niliitwa mkutano nyuma ya duka. Vijana walitaja siku, halafu wakataja nyumba. Yenu ilikuwa ya nne. Mmoja akasema atakayepeleka habari, nyumba yake itakuwa ya tano. Alikuwa ananiangalia mimi, maana wote walijua mimi na baba yako tulivyo.

Jumatano nikaja. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno kama nyaya kwenye ubao, hili kwanza, hili la pili. Nyanya yako alikuwa jikoni akipukuchua maharagwe. Akaniambia, "Kiplangat, koti hilo ulizikwa nalo ukafufuka?" Nikacheka. Akanimiminia chai. Baba yako akasema wazee wa pande zote wamekaa na kukubaliana kwamba kwetu hakutakuwa na kitu, kwa hivyo hawaendi popote. Kisha akaniuliza, "Au wewe umesikia vingine?"

Aliniuliza, Nyathira. Nisingehitaji hata kuanza mimi.

Nikasema, "Sijasikia." Nikamaliza chai. Nikasema nimekuja kuchukua gita, kuna waya unakwaruza, nitaulehemu nyumbani.

Nililifunga kwa gunia la mbolea. Sanduku niliacha, kwa sababu umbo lake linajulikana kutoka kilima cha pili na sikutaka nionekane nikitoka nalo kwenu. Peremende nilikuwa nimezinunua dukani njiani. Nilitaka kuwaachia kitu, na kile nilichopaswa kuwaachia kilikuwa kimekwama kooni.

Ijumaa niliona moshi. Mpaka Jumapili sikujua kama mlikuwa ndani nyote. Jumapili mtu akasema mko kanisani mjini, isipokuwa nyanya.

Nilijiambia miaka mingi kwamba nilikuja kwa ajili yenu na woga ukanishinda. Siku nyingine ninajiuliza kama nilikuja kwa ajili ya gita tangu mwanzo. Sijui. Ninachojua ni nilichotoka nacho.

Gita liko chini ya kitanda. Nyuzi nilizitoa. Masikio yalipokwisha nilishukuru, maana hata mtu akilipiga singelisikia.

Ukimwambia baba yako, ni haki yako. Usipomwambia, pia ni haki yako. Gita nitampa Sally alilete.

E. Kiplangat


Kipkelion
18 Agosti 2024

Mzee Kiplangat,

Usimpe Sally gita. Sababu iko katika karatasi ya pili, ambayo si yangu.

Barua yako nilikaa nayo wiki tatu katika daftari la maandalio ya masomo. Nilikuwa nikiingia darasani nayo. Siku moja nilikuwa nikieleza kwa nini taa hufifia mzigo unapoongezeka, mwanafunzi akauliza swali, nikamwomba alirudie mara mbili kwa sababu nilikuwa nikimsikia Cucu akikuuliza habari ya koti. Alikuwa akisema hivyo kwa kila mtu aliyempenda. Hilo lilinikasirisha kuliko mengine yote.

Nilikuwa nimeamua nisimwambie Baba. Nilijiambia ni kwa ajili ya afya yake. Kwa kweli nilitaka chuki hiyo iwe yangu peke yangu, isiguswe na mtu. Lakini nilikuwa nimeanza kufanya mazoezi Njenga akiwa anasaga, na Baba alisikia kutoka chumbani kwake sauti ikilegea. Akaniita. Akauliza, "Nani amekuambia hilo?" Watu waliojua ni wawili tu, na mmoja alikuwa amelala mbele yangu.

Nikamsomea barua zako zote. Ile ya Julai niliisoma polepole, nikitazama uso wake, nikiogopa mdomo utapinda tena. Haukupinda. Alisema, "Lete kalamu."

Ilimchukua siku nne. Sikumsaidia neno lolote.

Nyathira


Fundi,

Ninaandika kwa mkono wa kulia. Huo bado ni wangu.

Siku ile ulikuja na mkoba wako wa kazi. Chuma cha kulehemu kilikuwa kimechomoza. Miaka ishirini na nane ulitengeneza gita lile mezani kwangu, ukimchomea mke wangu meza na kuomba msamaha. Siku hiyo ukasema utalitengenezea kwako. Halafu ukatoka nalo kwenye mvua bila sanduku. Wewe, uliyenitukana mbele ya watu Molo kwa kuliacha juani dakika tano.

Mdomo wako ulisema hujasikia. Mikono yako ilisema umesikia. Nilikuangalia mpaka ukapinda kona.

Kisha nikafungua sanduku. Nikatia hati ya shamba, vyeti, nguo za watoto. Jioni hiyohiyo tukaenda kanisani mjini.

Mama yangu nilimwambia twende. Akauliza, nani amesema? Nikasema hakuna aliyesema, lakini Kiplangat amechukua gita. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Nihame kwangu kwa sababu mtu ameazima gita?" Alhamisi nilirudi kumchukua. Alikuwa anapika. Akanicheka tena, akanifungia viazi vya kuwapelekea watoto.

Alikuwa mwepesi, Fundi. Ningembeba hata kwa huu mkono mmoja nilio nao leo. Sikumbeba. Niliona aibu majirani wanione nimembeba mama yangu mzima huku anacheka, na mimi sina hata neno la kuwaeleza.

Ungenipa neno ningempa yeye. Kwa hilo nimekulaumu miaka kumi na sita, na sitasema sijakulaumu. Watoto wangu wanne wako hai kwa sababu ya gunia la mbolea. Hilo pia sitasema si kweli.

Nilidhani unajua kwamba nilikuelewa. Nikangoja ulete gita. Mwaka wa kwanza, wa pili. Usipolileta nikasema, basi alilipenda kuliko mimi. Kumbe ulikuwa unadhani nilitoka kwa bahati.

Sally analeta sanduku. Hati nimezitoa. Kwenu na kwetu, mtu akiletewa maziwa kwenye kibuyu hakirudishi kibuyu kikiwa hakina kitu ndani. Lete mwenyewe.

Wambugu


Kipkelion
8 Septemba 2024

Mzee Kiplangat,

Uliondoka jana kabla ya mvua, na natumaini ulifika kabla haijakukuta. Kuna jambo Baba alisema ukiwa umeshafika langoni na umegeuza mgongo. Hukuweza kulisikia. Amenituma nikuandikie.

Kabla ya hilo nina langu.

Mimi sijafika alipofika Baba. Nilipokupa chai nilikuwa nimekijaza kikombe mpaka ukingoni, na uliona, na ulipokea kikombe kwa mikono miwili ili nisimwage. Nilikushukuru na nikakuchukia katika tendo hilohilo. Sijui hali hiyo itakaa kwa muda gani. Nakuambia kwa sababu umeniandikia ukweli hata uliokuaibisha, na singependa kukudanganya kwa adabu.

Ulipofungua sanduku, nilidhani Baba ataangalia gita. Aliangalia nyuzi. Alikuwa ameshajua kwamba umezichemsha.

Sasa nikuambie usichokisikia, kwa utaratibu. Nilipoanza, pikapu yako ya nyuma ilitoa meno ambayo gita langu halikuwahi kuyatoa, na Baba alivuta pumzi kwa nguvu, Mama akadhani ni kiharusi. Haikuwa hivyo. Alikuwa amekutazama wewe. Wewe ulikuwa umeketi chini kwenye zulia na kiganja kwenye boksi la spika, macho umefumba. Tulikuwa tumepatana na Njenga awashe kinu saa kumi na dakika nne. Aliwasha. Taa ikafifia. Nawe ukainua kichwa, Mzee, kabla ya Baba. Wewe usiyesikia ndiye uliyejua wa kwanza. Ukafungua macho ukamwangalia, naye akasema, "Sasa."

Hiyo ndiyo "ndiyo" niliyokuwa nikiitafuta tangu mwezi wa tano. Haikusemwa kwangu. Nimeikubali hivyo.

Mama alikuwa amekaa karibu na mlango muda wote. Hakukusalimu ulipoingia na hakukuaga ulipotoka, na sitamtetea wala kumlaumu. Baada ya wimbo alitoka nje. Nilidhani ameenda kwa jirani. Alikuwa nyuma ya nyumba akiwalisha kuku ambao walikuwa wameshakula.

Ulipofika langoni Baba aliniita. Nilidhani anataka kulazwa. Akasema, kwa sentensi ndefu kuliko zote tangu augue:

"Waya wa nyuma unakwaruza. Safari hii kweli, nimeusikia. Mwandikie aje na chuma chake. Lakini gita halitoki. Atalitengenezea hapa, mezani."

Mama alikuwa amerudi ndani. Akasema, "Meza hii ni mpya. Aje na kitambaa cha kutandika."

Jumamosi zote niko nyumbani.

Nyathira